Picha ya Willie, mbwa wa Jenerali Patton: je, anaomboleza, au ni sisi tunaomlilia?

#1 Mwana wa Himbi (Goma)
Salamu, wanajukwaa. Kuna picha moja ambayo kila nikikutana nayo kwenye simu nasita kuipita. Ilipigwa Bad Nauheim, Ujerumani, mwezi wa Januari 1946. Inamwonyesha mbwa mweupe wa aina ya bull terrier amelala kifudifudi, kidevu kimegusa sakafu, kando ya masanduku yaliyokuwa yakingoja kusafirishwa kwenda Marekani. Mwenye masanduku, Jenerali George S. Patton wa Marekani, kamanda wa Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa amefariki Heidelberg tarehe 21 Desemba 1945, baada ya gari lake kugongana na lori la jeshi karibu na Mannheim tarehe 9 ya mwezi huo, na alikuwa amekwisha kuzikwa Luxembourg katikati ya askari wake. Mbwa huyo anaitwa Willie.

Dai langu ni hili: penzi la jenerali huyu kwa mbwa wake lilikuwa la kweli kuliko mengi aliyowaonyesha binadamu waliomzunguka. Mtu yule yule aliyewapiga makofi askari wagonjwa hospitalini kule Sicily, Italia, ndiye aliyekuwa akirudi jioni kumbembeleza mbwa. Naomba tujadiliane. Jenerali aliye vitani anatafuta nini kwa mbwa ambacho hakipati kwa watu?

#2 Fundi wa Tarehe (Bukavu)
Ahsante kwa mada, ila tuanze kwa kupanga miaka. Makofi ya Sicily yalipigwa tarehe 3 na tarehe 10 Agosti 1943. Willie aliingia mikononi mwa Patton huko Uingereza mnamo Machi 1944. Picha ya mtu anayempiga mgonjwa mchana na kumbembeleza Willie jioni haiwezekani, kwa sababu jioni hizo Willie hakuwapo.

Jambo dogo la pili: mwaka 1944 Patton alikuwa luteni jenerali mwenye nyota tatu. Nyota ya nne aliipata Aprili 1945, vita vya Ulaya vikielekea ukingoni.

#3 Mama Sambaza (Goma)
Mbwa anapigwa picha akilala, dunia nzima inalia. Sisi tukilala chini kwa mawazo, jirani anauliza kama tumekunywa.

#4 Kiongozi wa Kenya (Lubumbashi)
Kabla mtu hajaniuliza, Kenya ninayoisema ni komini yetu hapa Lubumbashi, si nchi ya Nairobi.

Mimi sioni penzi hapo, naona mavazi. Patton alikuwa mtu wa kujipamba kuliko majenerali wote wa Marekani wa wakati ule: kofia ya chuma inayong'aa, buti za mpanda farasi, bastola zenye vipini vya pembe za ndovu. Mbwa mweupe mwenye kifua kipana ni pambo la nne katika orodha hiyo. Sisi tuliokulia katika nchi hii tunapaswa kulielewa jambo hili haraka kuliko wengine, kwa maana tulimwona Mobutu miaka nenda miaka rudi akiwa na kofia ya ngozi ya chui na fimbo mkononi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuandika kwamba Marshali alikuwa na uhusiano wa moyoni na chui. Mwenye mamlaka huchagua mnyama wake kama anavyochagua kitambaa cha suti. Eisenhower, jenerali mkubwa wa Patton, alikuwa na mbwa mdogo mweusi wa Uskoti aitwaye Telek, aliyempata mwaka 1942, na mbwa huyo alimfaa, kwa sababu Eisenhower alitaka kuonekana mtu wa nyumbani. Patton alitaka kuonekana mtu wa vita.

#5 Mwalimu wa Ndosho (Goma)
Ndugu Kiongozi wa Kenya, chui wa Mobutu alikuwa ngozi. Ngozi haiombi kwenda nje usiku wa manane. Ukiishi na mnyama aliye hai analazimika kulishwa, kukojoa, kuugua na kubweka, na jambo lililoanza kama pambo hubadilika lenyewe bila ruhusa yako.

Marekebisho ya Fundi wa Tarehe, kwa maoni yangu, yanaifanya mada iwe nzito zaidi, maana yanatuonyesha Patton alikuwa katika hali gani Machi 1944. Baada ya makofi yale kutangazwa Marekani mnamo Novemba 1943, wapo waliotaka afukuzwe. Alipofika Uingereza mwanzoni mwa 1944 alipewa Jeshi la Tatu, lakini hakuruhusiwa kutangaza kwamba yupo. Wakati huo huo jina lake lilitumika kuwadanganya Wajerumani: waliaminishwa kwamba anaongoza kundi kubwa la majeshi huko kusini-mashariki mwa Uingereza litakaloshambulia Pas-de-Calais, pwani ya kaskazini mwa Ufaransa, kumbe kundi lenyewe lilikuwa la redio na la vifaru bandia. Siku majeshi yalipotua Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni, yeye alibaki ng'ambo akisubiri, na Jeshi la Tatu halikuanza kazi rasmi mpaka tarehe 1 Agosti 1944. Hebu mfikirie mtu anayeamini kwamba amezaliwa kwa ajili ya vita, amekalishwa kwenye jumba la Kiingereza, kila neno linalomtoka linapimwa, wakubwa wake wamemchoka. Katika miezi hiyo anamleta nyumbani mbwa ambaye, kwa jinsi inavyosimuliwa, bwana wake wa kwanza alikuwa rubani wa Uingereza aliyeruka na ndege asirudi. Wawili hao walikuwa yatima kwa namna zao. Mimi naliita jambo hilo upweke, na sioni haja ya kutafuta maelezo mengine.

#6 Kijana wa Kadutu (Bukavu)
Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Naomba kuuliza, je, Willie naye alikuwa mkali?

#7 Fundi wa Tarehe (Bukavu)
Mdogo wangu, hapo wahenga wamekwama. Willie ni kifupi cha William the Conqueror, yule mtawala wa Normandy aliyeivamia Uingereza mwaka 1066. Patton alikuwa akingoja kuivuka bahari ile ile kwa kuelekea upande wa pili, kwa hiyo jina lilikuwa na mzaha wa kijeshi ndani yake. Lakini wanaosimulia habari za kambi ile husema mshindi huyo alikuwa mwoga, na kwamba mbwa wadogo kuliko yeye walimkimbiza.

#8 Kijana wa Kadutu (Bukavu)
Basi nadharia ya #4 ya mavazi imechanika. Huwezi kuvaa vazi linalokimbia mbele ya watu.

#9 Kiongozi wa Kenya (Lubumbashi)
Haijachanika. Bwana harusi akigundua kwamba kiatu kinambana siku ya ndoa, hawezi kukivua mbele ya wageni. Picha zilikwisha kupigwa, magazeti yalikwisha kuandika, mbwa alikwisha kuwa wa Patton mbele ya dunia.

#10 Binti wa Mlinzi (Goma)
Nimekuwa msomaji tu, ila maneno ya mwalimu katika #5 yamenifanya niandike.

Baba yangu alikuwa askari kabla ya kuwa mlinzi wa usiku, na ukimuuliza kuhusu mbwa wetu Simba alikuwa na jibu moja tu: mbwa ni kazi. Hakuwahi kumgusa mbele ya watu. Lakini mimi niliyekuwa nikiamka mapema kuwasha makaa nilimwona mara nyingi akikata tonge la bugali lililobaki, analibonyeza kwa kidole gumba, analipuliza lipoe, ndipo analiweka juu ya kifuniko cha sufuria pamoja na vichwa vya sambaza, dagaa wetu wa ziwani. Sisi watoto hatukupuliziwa bugali. Tuliungua na tuliambiwa tutakua.

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipopasuka na anga likawa jekundu juu ya mji, mama alifunga godoro na sufuria juu ya chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, tukaungana na watu waliokuwa wakielekea Sake. Baba alibaki kulinda nyumba. Simba alitufuata kando ya chukudu mpaka karibu na Mugunga, kisha akasimama, akatazama nyuma, akageuka na kupita katikati ya miguu ya watu waliokuwa wakija mbele yetu. Tulimwita hakugeuka. Tuliporudi tulimkuta amelala mlangoni, na baba ameketi juu ya jiwe la lava pembeni yake, akisema kwamba amerudi kwa sababu ya njaa.

Nadhani mwanamume aliyezoea kutoa amri hana mahali pengi pa kuweka upole wake. Kwa mke anaona haya, kwa watoto anaogopa watamdharau, kwa askari ni marufuku. Mbwa hatasimulia. Patton huenda alikuwa hivyo.

#11 Mama Sambaza (Goma)
Pole na ahsante, mwanangu. Hapa sina mzaha.

#12 Mpita Rumangabo (Goma)
Binti wa Mlinzi, simulizi lako ni zuri, na baba yako huenda alisema kweli zaidi ya mnavyomdhania. Mbwa hurudi kwenye boma lake. Njia ya Sake ilijaa moshi, kelele na watu asiowajua, na nyumbani kulikuwa na harufu zote anazozifahamu.

Nazungumza hivyo kwa sababu nimeishi jirani na makao makuu ya Hifadhi ya Virunga kule Rumangabo, ambako tangu mwaka 2011 kuna kikosi cha mbwa wa kufuatilia majangili. Ni mbwa wa bloodhound, wenye masikio marefu yanayoburuzika na ngozi ya uso iliyolegea. Anayewaongoza huanza kwa kumnusisha mbwa kitu kilichoachwa na mtafutwaji, labda kipande cha nguo, kisha mbwa anaifuata harufu hiyo hiyo na kuzipuuza nyingine. Kwa mbwa, nguo iliyoachwa si ukumbusho wa mtu, ni sehemu ya mtu ambayo bado ipo.

Sasa irudieni picha ya Bad Nauheim. Ndani ya masanduku yale kulikuwa na nini? Makoti, buti, mikanda ya ngozi, vitu vilivyojaa jasho la Patton. Willie hakulala pale kwa sababu alijua kwamba bwana wake amekufa. Alilala pale kwa sababu katika nyumba nzima, hapo ndipo bwana wake alipokuwa amebaki.

#13 Mwana wa Himbi (Goma)
Mpita Rumangabo, umejaribu kuniondolea huzuni ya picha hii na umeiongeza mara mbili.

Kwa Fundi wa Tarehe: miaka ni miaka, nimekuelewa, lakini hoja yangu inasimama. Kama Willie alikuja baada ya aibu ya Sicily, basi alikuja pale ambapo Patton alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba hawezi kumvumilia binadamu aliyetetemeka. Mgonjwa wa Agosti 1943 alitetemeka akapigwa kofi akaitwa mwoga. Willie alitetemeka akapewa kiti kwenye gari la jenerali. Ni nani atakayenieleza tofauti hiyo?

#14 Msimamizi wa jukwaa
Ahsanteni kwa mjadala wenye adabu. Nimeondoa michango miwili iliyoanza kulinganisha na makamanda walio hai wa eneo letu. Tubaki kwa waliokwisha kuzikwa.

#15 Mwalimu wa Ndosho (Goma)
Mwana wa Himbi, tofauti ni kwamba askari alikuwa na wajibu na mbwa hakuwa nao. Aliyetetemeka hospitalini, machoni mwa Patton, alikuwa akiambukiza jeshi zima. Simtetei, mmoja wa askari wale wawili aligunduliwa kuwa na malaria na tumbo la kuhara, na sisi tunaojua malaria tunafahamu kwamba kutetemeka si hiari ya mtu. Ninaeleza tu jinsi kichwa cha kamanda kilivyopangwa. Mbwa yuko nje ya ngazi za vyeo. Hapewi amri ya kufa, kwa hiyo hawezi kukataa, na kwa hiyo hawezi kumwangusha jenerali.

Kuna ushahidi mwingine wa jambo hilo kutoka kwa Napoleon. Akiwa uhamishoni Saint Helena alisimulia kwamba usiku mmoja baada ya vita kule Italia, akipita uwanjani kati ya maiti, mbwa alichomoka kutoka chini ya nguo za bwana wake aliyeuawa, akawarukia waliokuwa wakipita, akarudi kuulamba uso wa marehemu, akarudia tena na tena huku akilia. Napoleon alisema kwamba aliwahi kutoa, bila machozi, amri zilizoua maelfu, lakini mbwa yule alimtikisa. Maiti zile alizihesabu kama namba. Mbwa alimwonyesha kwamba mmojawapo alikuwa na nyumbani.

#16 Fundi wa Tarehe (Bukavu)
Tukiingia kwenye historia ya zamani, uzi huu hautaisha, ila siwezi kujizuia.

Oktoba 1777, baada ya vita vya Germantown, mbwa wa Jenerali Howe wa Uingereza alipotea akaingia upande wa Wamarekani. Kwenye ukosi wake kulikuwa na jina la mwenye mbwa. George Washington alimrudisha kwa adui pamoja na barua fupi ya heshima. Huko Prussia, mfalme na jemadari Friedrich wa Pili aliwapenda mbwa wake wembamba wa mbio kiasi cha kuagiza azikwe karibu nao kwenye bustani ya jumba la Sanssouci, Potsdam. Alipofariki tarehe 17 Agosti 1786, mrithi wake aliona ni fedheha, akamzika kanisani kando ya baba yake. Wosia wa mfalme ulitimizwa tarehe 17 Agosti 1991, zaidi ya miaka mia mbili baadaye, na leo kaburi lake liko pale pamoja na yale ya mbwa wake, watu wakiweka viazi juu yake kwa sababu alihimiza kilimo cha viazi.

Na wa mwisho ni Prince Rupert, jemadari wa wapanda farasi wa mfalme katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza. Alikuwa na mbwa mweupe wa manyoya aitwaye Boye, aliyekwenda naye vitani. Vijitabu vya wakati ule vilimtaja mbwa huyo kuwa mchawi anayedaka risasi kwa meno. Alikufa kwenye vita vya Marston Moor, tarehe 2 Julai 1644.

#17 Kijana wa Kadutu (Bukavu)
Anadaka risasi kwa meno! Kumbe ile dawa ya kugeuza risasi kuwa maji tunayohadithiwa huku Kivu ilikuwa na tawi Uingereza.

#18 Mzee wa Saïo (Lubumbashi)
Nimewasoma wote kwa subira. Babu yangu alikuwa katika Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, waliotoka Kongo wakaenda kupigana na Waitalia Abyssinia, yaani Ethiopia. Julai 1941, kule Saïo, jenerali wa Kiitalia Gazzera alijisalimisha kwa Jenerali Gilliaert wa jeshi letu. Babu alisema kwamba njiani walikuwa na mbwa aliyewafuata, asiye wa mtu, na askari walimlisha kwa zamu. Mbwa huyo hana picha, hana jina katika kitabu chochote. Askari wenyewe wengi wao hawana pia.

Sisemi Willie asililiwe. Nasema kwamba tunaujua uhusiano wa majenerali na mbwa wao kwa sababu majenerali walikuwa na wapiga picha. Montgomery, jenerali wa Uingereza, alipigwa picha Normandy Julai 1944 akiwa na watoto wawili wa mbwa, mmoja amempa jina la Hitler na mwingine Rommel. Huo nao ni uhusiano, au ni kazi ya ofisi ya habari?

#19 Kiongozi wa Kenya (Lubumbashi)
Mzee wangu, heshima. Hatimaye mtu wa Lubumbashi amenipa nguvu. Picha ya Willie ilipigwa na nani? Si na jirani aliyepita. Ni picha ya jeshi la Marekani, kuhusu jenerali ambaye miezi michache kabla ya kifo alikuwa ameondolewa kwenye Jeshi la Tatu kwa sababu ya matamshi yake juu ya Wanazi, akapewa Jeshi la Kumi na Tano, lililobaki la karatasi, la kuandika historia pale pale Bad Nauheim. Aliyekufa akiwa na matatizo na wakubwa wake anahitaji picha itakayowafanya watu wasahau matatizo hayo. Mbwa mwenye huzuni haulizwi maswali.

#20 Mama Sambaza (Goma)
Na bull terrier, hata akifurahi, uso wake ni ule ule. Nimemwona mmoja Himbi kwa watu wenye geti kubwa. Nilidhani amefiwa, kumbe alikuwa ametoka kula.

#21 Binti wa Mlinzi (Goma)
Nawaheshimu wazee wangu wa #18 na #19, lakini mpiga picha hawezi kumwamuru mbwa apende masanduku. Anaweza kuchagua saa ya kubonyeza kitufe, basi.

Kwa Mpita Rumangabo nina swali, kwa sababu nadharia yako ya harufu ndiyo iliyonikaa zaidi. Baada ya picha ile Willie alipelekwa Marekani kwa mjane Beatrice Patton na binti zake, akaishi kwenye familia hiyo mpaka mwaka 1955. Kama kilichomfunga kilikuwa harufu iliyobaki kwenye nguo, harufu hiyo ilimaliza muda gani katika nyumba yenye harufu za watu wengine? Na kama aliendelea kula na kucheza huko Massachusetts miaka yote hiyo, je, tuseme alimsahau, au mbwa ana namna ya kuendelea ambayo sisi hatuna?

#22 Mpita Rumangabo (Goma)
Kuhusu muda wa harufu nitawauliza waongozaji wa mbwa nikipanda tena kwenda Rumangabo. Lakini nawe unijibu: Simba alipobaki na baba yako, na ninyi mkakaa Sake, je, mliporudi aliwapokea vilevile?

#23 Binti wa Mlinzi (Goma)
Alininusa mimi kwanza, halafu godoro, halafu akarudi kulala mlangoni. Mama bado hajamsamehe.

#24 Kijana wa Kadutu (Bukavu)
Kiongozi wa Kenya, swali la #13 bado hujaligusa. Usijifiche nyuma ya mzee.